Hewa ya Kopo

Taarifa ya habari ya saa saba ilianza na sukari:
imepanda, kama kawaida yake, bila kushikwa mkono.
Ikafuata mamlaka ya maji: wakazi wa Pasua tuvumilie,
bomba limepasuka (jina la mtaa limetuponza).
Halafu msomaji akakohoa, akalainisha sauti
kama mshenga anayekaribia kutaja mahari:
kwa mara ya kwanza duniani, hapa hapa Moshi,
hewa ya Kibo imetiwa kwenye kopo.

Nilikuwa nashona sare za kwaya. Nikasimamisha mguu.
Shilingi elfu kumi na mbili.
Ukinunua matatu unapewa kofia.

Uzinduzi, Ijumaa, Uwanja wa Mashujaa.
Mheshimiwa Aikaeli Kimambo alitarajiwa saa nne,
akafika saa nane kasoro, na ving'ora viwili
na hotuba ya mtu mwingine. Tulijua,
maana alitusalimu "ndugu zangu wa Singida".
Akafungua kopo. Psss. Akavuta, akafumba macho,
akasema anajisikia kijana, anajisikia mwekezaji.
Wapiga picha wakamwomba arudie. Akavuta la pili,
na msaidizi wake akaandikiwa risiti ya matano.

Kisha akapanda Malkia Theluji, dada wa mtandaoni,
wafuasi laki tisa, kwao Mwika, viatu vya kuazima:

*Vuta kidogo upone, uchovu ukukimbie,*
*Jirani naye aone, akeshe ajililie,*
*Usingoje la mwingine, kopo lako ulijie,*
*Kilimanjaro ni yako, lipia uichukue!*

Tukapiga makofi. Mimi pia.

Jirani yangu Ndeanasia alinunua sita
kwa mkopo wa kausha damu,
akayapanga juu ya kabati la vyombo,
maandishi yakitazama mlangoni.
Hakufungua hata moja.
Maji ya kunywa alikuja kuomba kwangu,
na mimi nilikuwa nimeyanunua kwenye mkokoteni.

Desemba ndugu zetu wakapanda kutoka Dar,
magari yamebeba friji, kreti, magodoro ya wageni.
Shemeji Onesfori akashusha katoni kwa mama yake, Kibosho,
pale migombani, ambapo ukifungua mlango asubuhi
unaukuta mlima umesimama kama mtu aliyekuja kudai.
"Mama, tumekuletea hewa ya Kibo. Ile halisi.
Tumeipata Masaki."

Mama akaligeuza kopo, akalitikisa sikioni,
akauliza kama lilimwagikia njiani.
Akaelezwa. Akaelezwa tena na mjukuu, polepole,
kwa Kiswahili cha shule ya kulipia.
Akautazama mlima. Akamtazama mwanawe.
"Na huko juu," akasema, "mlimlipa nani?"
Hakuna aliyejibu, nyama ilikuwa imeiva.
Kufikia jioni kopo lilishakatwa mdomo,
linapimia ulezi wa mbege.

Juzi habari ikageuka. Wapimaji wamepima,
wamekuta hewa ya ndani ni ya Njia Panda, Himo:
vumbi, moshi wa malori, na mshikaki kwa mbali.
Mheshimiwa amesema alinukuliwa vibaya,
siku ile alivuta kama raia wa kawaida.
Malkia Theluji sasa anatangaza sabuni.
Sukari haijashuka, ila siku hizi hawaisomi tena.

Na mimi ninalo moja. Sikusema mapema.
Lipo nyuma ya cherehani, chini ya vipande vya kitenge.
Kwenye kitako limeandikwa: tumia kabla ya Machi.
Kuna usiku nalitoa, nalifuta vumbi, nalirudisha.

Jana saa nane za usiku bomba likakohoa.
Nikakurupuka na ndoo, na sufuria, na beseni la mtoto,
nikafungulia hadi mwisho.
Likatoa hewa. Nyingi, baridi, dakika nzima,
na mita ikizunguka.